Kasha la Januari: Darasa Linavyojiwekea Kumbukumbu Katika Ukanda wa Dhahabu

Kasha la kumbukumbu la darasa ni chombo chenye mfuniko ambamo wanafunzi huweka maandishi, michoro na vipimo vyao wenyewe katika siku za kwanza za mwaka wa masomo. Likishajaa hufungwa na kuandikwa juu yake tarehe ya kufunguliwa, ambayo kwa kawaida huwa siku za mwisho za mwaka uleule. Kwa kalenda ya shule za Tanzania hiyo ina maana ya kufunga Januari na kufungua mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla ya likizo ndefu. Hazina haimo ndani yake. Zimo karatasi zilizoandikwa na watoto miezi kumi iliyopita, na siku ya kufungua watoto walewale huzishika mkononi wakijisoma.

Desturi ya kufungia vitu ili vifunguliwe na watu wa baadaye haikuanzia darasani. Kwa karne nyingi wajenzi wa Ulaya na Marekani wameweka sarafu na karatasi kwenye mawe ya msingi ya majengo yao. Sanduku lililowekwa mwaka 1795 katika jengo la serikali ya jimbo mjini Boston, Samuel Adams na Paul Revere wakiwa miongoni mwa waliolisimamia, lilifunguliwa Januari 2015, na ndani yake zilikuwamo sarafu na magazeti. Kasha lililoipa desturi hii umaarufu wa dunia nzima ni la kampuni ya Westinghouse, lililofukiwa New York Septemba 1938, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka uliofuata. Ni mtungi wa mchanganyiko wa shaba uliozamishwa takriban mita 15 ardhini, ufunguliwe mwaka 6939. Waliojaza mtungi huo hawakuweka dhahabu. Waliweka kofia ya mwanamke, saa ya kengele, kifungua makopo, mbegu za mimea na filamu zenye maelfu ya kurasa za maandishi. Kwa kuwa miaka 5,000 inatosha kabisa kusahau mahali, walichapisha pia kitabu kinachoeleza mtungi uliko na kukisambaza katika maktaba za nchi nyingi.

Mji wa Tulsa, Oklahoma, ulipatwa na tatizo la aina nyingine. Mwaka 1957 wakazi wake walifukia gari jipya kabisa katika shimo la zege na kuahidi kulifukua baada ya miaka 50. Lilipofukuliwa Juni 2007 maji yalikuwa yameingia shimoni siku nyingi, na gari lilikuwa gofu la kutu. Kumbe pembeni mwa gari hilo kulikuwa na kopo la chuma lililochomelewa vizuri, na karatasi zilizokuwamo zilitoka salama. Mwalimu anayefikiria kuanzisha kasha darasani kwake ana cha kujifunza hapo: ukubwa wa shimo haukusaidia kitu, mfuniko wa kopo ndio uliosaidia.

Katika kata za Bulyanhulu na Bugarama, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, ziko sababu za ziada za kutofukia chochote. Ya kwanza ni mchwa. Ukanda wote kuanzia Kahama hadi Geita ni nchi ya vichuguu, na karatasi iliyolala chini msimu mmoja haitoki karatasi. Ya pili ni mvua, kwa sababu shule hufunguliwa Januari, katikati ya msimu wa mvua, ambapo udongo umeloa na hewa ina unyevu. Ya tatu ni ya mahali penyewe, eneo la wachimba dhahabu. Watu wa huku wamezoea kuona udongo mpya uliofukuliwa na kujiuliza kuna nini chini yake. Kasha lililofukiwa nyuma ya darasa, wanafunzi 100 wakishuhudia, halitamaliza wiki bila kutembelewa na sururu.

Kwa hiyo kasha hukaa juu, kwenye kabati la ofisi ya walimu au kwenye rafu iliyoachana na ukuta. Kopo la maziwa ya unga linatosha darasa dogo. Darasa kubwa, na madarasa ya ukanda huu ni makubwa, hasa tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016 na kuongeza sana idadi ya wanaoandikishwa darasa la kwanza, linahitaji ndoo ya rangi ya lita 20 iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Karatasi zianikwe juani kwanza, na kasha lifungwe siku isiyo na mvua, maana unyevu unaofungiwa ndani hauna pa kutokea na utazaa ukungu. Kipande cha mkaa mkavu kilichofungwa kwenye kitambaa husaidia kunyonya unyevu unaobaki. Selotepu peke yake haitegemewi chini ya paa la bati, kwani joto hukausha gundi yake ikaachia. Mfuniko ukazwe, kisha ufungwe kwa kamba au waya. Watoto waandike kwa penseli. Maji yakiingia, wino huchuruzika, lakini alama ya penseli hubaki.

Swali gumu zaidi ni nini kiwekwe ndani, na hapa ndipo makasha mengi huharibika hata kabla ya kufungwa. Walimu wengi huanza na swali la ukikua unataka kuwa nani. Majibu yake yanajulikana kabla hayajaandikwa: daktari, mwalimu, rubani, mwanajeshi. Desemba mtoto atasoma kwamba alitaka kuwa daktari, na bado anataka kuwa daktari, na zoezi litakuwa limeishia hapo. Ndoto za mbali hazibadiliki kwa miezi kumi. Yanayobadilika ni mambo madogo ambayo mtoto hayaoni kuwa ya kuandikwa: amepita njia gani kuja shuleni leo, anakaa dawati moja na nani, jana usiku nyumbani walikula nini, ni kazi gani anaifanya kabla ya kuondoka asubuhi, neno gani kwenye kitabu limemshinda kusoma, na darasani anaogopa nini. Maswali matano au sita ya namna hiyo, kila moja likijibiwa kwa sentensi mbili, yanajaza ukurasa wa daftari. Ukurasa huo una uzito kuliko insha nzima kuhusu maisha ya baadaye.

Kitu cha pili ni uzi. Mtoto anavua viatu na kusimama wima, visigino vikigusa ukuta. Mwenzake anaweka kitabu kigumu kichwani pake, kikilala sawasawa, na kuweka alama ya chaki ukutani chini ya kitabu. Uzi wa katani au wa kushonea viroba unanyooshwa kutoka sakafuni hadi kwenye alama na kukatwa hapohapo. Unazungushwa kwenye kipande cha karatasi chenye jina na kuingia kwenye bahasha bila kupimwa kwa rula. Desemba mtoto anasimama tena, uzi unashushwa kutoka kwenye alama mpya, na unaning'inia bila kufika sakafuni. Nafasi iliyobaki chini ya uzi ndiyo inayopimwa sasa kwa rula. Mtoto wa umri wa shule ya msingi hukua takriban sentimita tano hadi sita kwa mwaka, kwa hiyo nafasi hiyo itakuwa ya upana wa vidole vitatu hivi. Mtoto wa darasa la pili haambiwi chochote na namba 118 na 123, ila nafasi hiyo anaielewa mara moja. Darasa la tano au la sita likikusanya vipimo vya watoto wote litapata somo zima la grafu na wastani bila kufungua kitabu cha hisabati.

Kitu cha tatu ni mwandiko. Mwalimu anaandika ubaoni sentensi moja, na kila mmoja anainakili. Sentensi hiyohiyo itaandikwa tena siku ya kufungua, na karatasi mbili zitawekwa sambamba. Kwa darasa la kwanza, ambalo linapigania kusoma, kuandika na kuhesabu, ushahidi huu unasema mengi kuliko alama za mtihani, kwa mzazi na kwa mtoto pia. Watoto wengi wa Msalala na Geita huingia shuleni wakiwa wanazungumza Kisukuma nyumbani, na Januari ya kwanza Kiswahili chao bado ni cha kubahatisha. Hao wachore: nyumba, watu wanaoishi humo, mifugo, njia. Mwalimu au mwanafunzi wa darasa la juu anaweza kuandika chini ya mchoro maneno ambayo mtoto ameyasema, kwa lugha aliyoyasemea.

Karatasi ya mwisho ni ya darasa zima, nayo ni ya bei. Wanafunzi wakubwa wanatumwa kuuliza bei ya kilo ya unga, ya sukari, ya daftari, na nauli ya kutoka Kakola, mji ulio jirani na mgodi wa Bulyanhulu, hadi Kahama. Katika ukanda huu ni lazima kuongeza bei ya gramu ya dhahabu. Si jambo la siri: soko la kwanza la madini nchini lilifunguliwa Geita Machi 2019, mengine yakafuata, na bei huulizwa wazi. Nyumba nyingi hula au hulala na njaa kwa bei hiyo. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Bulyanhulu ulipoanza uzalishaji mwaka 2001, wakia moja ya dhahabu katika soko la dunia ilikuwa chini ya dola 300 za Marekani. Oktoba 2025 ilivuka dola 4,000.

Thamani ya karatasi hizi zote inaonekana kwa kuutazama mwaka mmoja tu. Tuseme darasa moja la Kakola lingefunga kasha lake Januari 2017. Mgodi ulikuwa unafanya kazi na migahawa imejaa, na watoto ambao baba zao walikuwa chini ya ardhi wangeandika zamu za baba, basi la kampuni, sare mpya. Machi mwaka huo serikali ilizuia kusafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini uliochakatwa nusu, nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiliwa Dar es Salaam. Neno makinikia, ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa la wataalamu, likawa linatajwa na kila mtoto wa mjini na shamba. Kabla mwaka haujaisha kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha mgodi huo, ilikuwa imetangaza kupunguza shughuli za Bulyanhulu, na watu wengi wakapoteza kazi. Kasha hilo lingefunguliwa Desemba 2017 katika mji tofauti na ule uliolifunga. Uchimbaji wa chini ya ardhi ulirudi kuelekea mwisho wa 2020, baada ya makubaliano ya serikali na kampuni ya Barrick yaliyozaa kampuni ya ubia ya Twiga. Magazeti yaliandika habari za kodi, kamati na mabilioni. Alichokula mtoto wa darasa la nne usiku wa tarehe fulani ya Januari na ya Desemba hakikuandikwa popote.

Kanuni ya kutogusa kabla ya tarehe ndiyo inayolifanya kasha liwe kasha. Kwa Wasukuma jambo hili halihitaji maelezo marefu: ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa wakati wa kiangazi kikali, lina faida kwa sababu tu hakuna anayepitisha ng'ombe humo katikati ya msimu. Kasha linalofunguliwa Aprili ili mgeni aoneshwe, kisha Juni kwa sababu mwalimu alitaka kuhakikisha, halina cha kumshangaza mtu Desemba.

Hata hivyo usiri una mpaka, na mpaka huo uwekwe siku ya kwanza. Mtoto akiambiwa aandike analoogopa, huenda akaandika kitu cha kutisha kweli. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo wapo watoto wanaoponda mawe, wanaobeba viroba kwenda kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, au wanaokaa mwaloni, mahali pa kuoshea dhahabu, wakiichenjua kwa zebaki. Shirika la Human Rights Watch lilieleza hali hiyo katika ripoti yake ya mwaka 2013, Geita na Shinyanga zikiwamo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kazi za hatari. Mwalimu aliyeahidi kwamba hatasoma chochote, kisha akasoma, amevunja ahadi. Aliyeahidi hivyo na kweli hakusoma huenda amefungia kwa miezi kumi kilio cha mtoto aliyehitaji msaada Januari. Njia iliyo wazi ni kuwaambia watoto kabla hawajashika penseli kwamba mwalimu wa darasa atapitia kila karatasi na hatamsomea mtu mwingine, na kwamba akiona jambo la hatari atalifanyia kazi. Mtoto mwenye neno zito anaweza pia kuelekezwa kwenye simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Jambo lingine la ukanda huu ni kuhama. Habari zikienea kwamba duara fulani, yaani shimo la wachimbaji, limetema dhahabu, rashi ya kuikimbilia huanza. Watu hufunga virago usiku, na asubuhi dawati lina nafasi. Darasa lililokuwa na watoto 90 Januari linaweza kuwa na 81 Septemba, ishirini wakiwa wameondoka na kumi na mmoja wapya wameingia kutoka Geita, Kahama au Mbogwe, idadi ikipanda na kushuka kila mwezi. Kasha lisilojiandaa kwa hilo huishia kuwa na bahasha zisizo na wenyewe na watoto wasio na bahasha. Bahasha ya kila mtoto iwe yake peke yake, isigandishwe pamoja na za wenzake, na orodha ya majina ibandikwe nje ya ndoo. Anayekuja kuchukua barua ya uhamisho apewe na bahasha yake, ikiwa imefungwa, na tarehe ya kuifungua imeandikwa juu. Kutoa bahasha ya anayehama na kuingiza ya anayehamia ndizo sababu pekee halali za kufungua ndoo kabla ya wakati. Mtoto anayeingia katikati ya mwaka aandike yake wiki ileile anayofika, na tarehe iwe ya siku hiyo. Kipindi chake kitakuwa kifupi kuliko cha wenzake, na uzi wake hautatofautiana sana, lakini atakuwa na kitu cha kufungua. Na ikitokea mtoto amefariki ndani ya mwaka, bahasha yake isubiri wazazi ofisini. Haisomwi mbele ya darasa.

Tarehe ya kufungua inategemea darasa. Darasa la saba hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi mwezi Septemba, na baada ya hapo wanafunzi hawarudi tena darasani. Kasha lao likipangiwa Desemba litafunguliwa na mwalimu peke yake. Lifunguliwe mwishoni mwa Agosti, au siku ya mahafali kama shule inayafanya. Darasa la nne nalo lina upimaji wa taifa kuelekea mwisho wa mwaka, ambapo kila mtu ana wasiwasi, kwa hiyo lisubiri upimaji upite. Kidato cha pili na cha nne hufanya mitihani yao Novemba, na kwa kidato cha nne wiki moja kabla ya mtihani si wakati wa michezo ya kumbukumbu. Oktoba mapema inafaa zaidi.

Siku yenyewe haihitaji sherehe. Mwalimu anaita jina na mtoto anakuja kuchukua bahasha yake, kisha kila mmoja anasoma kimya kwanza. Dakika hizo kumi za ukimya zisiruhusiwe kuliwa na hotuba ya mgeni rasmi. Baadaye anayetaka kusoma kwa sauti asome, asiyetaka aachwe. Nyuzi zinapimwa, sentensi ya ubaoni inaandikwa tena, karatasi ya bei inawekwa karibu na bei za wiki hiyo. Kipindi cha Kiswahili kinaweza kuchukua kinachofuata, kwani barua ya kirafiki imo katika yanayofundishwa shule ya msingi, na barua ya mtoto wa Desemba kwa yule wa Januari ni zoezi bora kuliko kumwandikia shangazi wa kubuni aliyeko Dodoma.

Shule nyingine hutamani kasha la muda mrefu, la kufungwa na watoto wa darasa la kwanza na kufunguliwa wanapomaliza shule. Linawezekana, ila adui wake si mchwa tena. Walimu wakuu huhamishwa, na mwalimu mkuu mpya anayekuta ndoo kuukuu kabatini ataitoa ili apate nafasi ya vitabu. Kinga ni maandishi. Kasha liingizwe kwenye leja ya vifaa vya shule pamoja na madawati na mipira, litajwe katika taarifa ya makabidhiano ya ofisi kila uongozi unapobadilika, na kamati ya shule iwe na nakala ya tarehe ya kulifungua. Shule isiyoweza kutunza leja hiyo ibaki na kasha la mwaka mmoja. Linatosha.